Sekunde ya Arobaini na Moja

Karatasi kumi na moja zilikuwa zimepangwa sakafuni kwa mstari, na Leokadia Mkude alikuwa amepiga magoti mbele yazo akiimba kwa pua. Aliimba mwisho wa wimbo wa kwanza, akasogea hatua moja kwa magoti, akaimba mwanzo wa wimbo wa pili, kisha akarudi nyuma na kuanza tena. Ndivyo alivyokuwa akipanga kipindi chake tangu aajiriwe Redio Lukwangule. Kila wimbo ulikuwa na karatasi yake, na juu ya karatasi hakuandika mwaka wala sifa za wapigaji. Aliandika wimbo unaingiaje na unatokaje, basi. Mkia wa huu ukishika kichwa cha ule bila kulazimishwa, karatasi zilikaa jirani. Usiposhika alizitenganisha, hata kama zote mbili zilikuwa za moyoni mwake.

Kipindi kiliitwa Jazi ya Jumamosi, saa kumi alasiri hadi saa kumi na mbili, na safari hii alikuwa amefika mbali. Piano ya Cape Town ilimalizia kwa noti moja iliyobaki ikining'inia, na noti hiyohiyo ndiyo iliyofungua filimbi ya wapigaji wa Addis. Kutoka Addis aliteremka hadi nyuzi za ganuni ya Unguja zilizopigwa juu ya besi la umeme, akapita kwenye ngoma zilizorekodiwa Matombo siku ya mavuno, halafu akaingia kwa vijana wa Kinshasa waliokuwa wakigombanisha marimba na mashine mpaka mtu hajui kipi ni mti na kipi ni waya. Mtu angeweza kukaa saa mbili nzima asijue alivuka wapi.

Karatasi ya kumi na mbili ilikuwa mkononi mwake. Ilisomeka hivi: *Mvua ya Mgeta. Mindu Jazz. Unaingia: saksafoni peke yake, polepole. Unatoka:* Hapo hapakuwa na kitu.

Fundi mitambo wa kituo, Shemdoe, aliingia akiwa amebeba kanda kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi. Kadia alikuwa ameikuta juzi nyuma ya kabati la maktaba, kwenye sanduku la kanda zilizotengwa zifutwe na kutumika upya. Ilikuwa ya enzi zile za mwanzo za joto, wakati kompyuta za kituo zilikuwa zikiungua kila mwezi na watu wakalazimika kurudi kwenye kanda za babu zao. Shemdoe alikuwa ameifuta ukungu kwa siku mbili.

"Imekubali," alisema. "Lakini dada, ikikatika humu, usinitazame kwa hayo macho."

Akaibandika kwenye mashine. Saksafoni ikaanza.

Shemdoe alisimama wima na kuvua kofia. Hakufikiri, mkono wake ulikwenda wenyewe, kama ambavyo mkono wa mtu yeyote wa Morogoro ungekwenda. Kwa miaka ishirini na miwili, sekunde arobaini za saksafoni ile zilikuwa na maana moja tu: sasa mtangazaji atasoma majina ya waliofariki. Watu walizima majiko ili wasikie. Wenye maduka walinyamazisha wateja. Sauti ilikuwa ikififia sekunde ya arobaini, na jina la kwanza likafuata.

Safari hii haikufifia. Sekunde ya arobaini na moja saksafoni ilivuta pumzi, pumzi kabisa ya mtu, ikasikika, na ngoma zikaingia. Zikafuata magitaa matatu kwa pamoja, besi likaanza kutembea, na Mindu Jazz wote wakaingia kwenye chemko, ile sehemu ya pili ya wimbo wa dansi ambapo waimbaji hukaa kando na uwanja ukaachiwa wachezaji. Ilikwenda hivyo kwa karibu dakika sita. Mwisho kabisa vyombo vilinyamaza kimoja baada ya kingine, na saksafoni ikarudi peke yake na sauti ileile ya mwanzo.

Kanda ilipoisha Shemdoe alikuwa bado ameshika kofia, hajui aivae au aiache.

"Kumbe ni wimbo wa kucheza," alisema hatimaye.

Aliyekuwa akivuta pumzi kwenye ile kanda alikuwa baba yake. Alifariki Kadia akiwa na miaka mitatu, na katika maisha yake yote alikuwa amemsikia kwa sekunde arobaini tu.

*

Mlezi, mtambo uliochuja kila kilichorushwa na kituo, aliukataa wimbo kabla hawajamaliza kuuingiza.

Kisikio kina ukubwa wa punje ya hindi. Kinakaa ndani ya sikio, kinasikiliza damu inavyopita, na mara mbili kila sekunde kinamwambia Mlezi moyo unakwendaje. Wimbo ukitoka studio ni mmoja, lakini unapofika kwenye masikio elfu tisa ya wasikilizaji unakuwa nyimbo elfu tisa. Mwenye hofu anapunguziwa besi. Mwenye msiba anaondolewa ubeti unaomchoma. Asiyeweza kabisa anawekewa wimbo mwingine taratibu, na wala hajui kwamba jirani yake anasikia kitu tofauti. Mlezi alikuja mwaka wa tatu wa kiangazi kirefu, mwaka ambao mioyo ya watu ilikuwa ikisimama kwenye foleni za maji. Wale waliovaa visikio walikufa wachache mno kuliko wasiovaa. Baada ya hapo hakuna aliyebishana naye, na redio za mbao na plastiki ziliwekwa juu ya makabati na kufunikwa vitambaa.

Kwenye kioo cha kompyuta ujumbe ulikuwa wa upole, kama kawaida. *Wimbo huu hautapita mzima kwa wote, Leokadia. Watu mia mbili na kumi na wanne wataumia.*

Kadia aliomba orodha. Mlezi hatoi majina, hutoa namba. Aliipitia kwa kidole, haraka, mpaka alipofika katikati na kidole kikasimama. Namba iliyoishia na tatu, tatu, moja, sita aliijua. Aliiandika yeye mwenyewe ndani ya mlango wa kabati la vyombo, siku alipompeleka mama yake kuandikishwa.

Alichukua kanda akaenda kwa mkuu wa kituo.

Fidelis Banzi alikuwa mtu mzima mwenye sauti nene, aliyeanza kazi hapohapo akiwa mtangazaji. Alimsikiliza bila kumkatiza. Kadia alieleza kwa nini wimbo ule haukustahili kubaki kitambaa cha msiba, kwamba mji mzima unaogopa kipande cha furaha kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuvuka mwanzo wake. Alisema anataka upigwe mmoja kwa watu wote, bila Mlezi, kwa dakika hizo sita na nusu tu. Alipomaliza Banzi alivua miwani. Hakufoka. Alimkumbusha ule mwaka wa tatu, foleni ya maji, shemeji yake aliyeanguka na ndoo kichwani. Kisha akasema:

"Binti, nionyeshe mtu mmoja aliyekufa kwa kukosa wimbo."

Kadia aliisukuma kanda juu ya meza, kuelekea kwake.

Banzi akamwonea huruma, na huruma hiyo ilikuwa ngumu kuibeba kuliko karipio. Akampa njia ya kutokea. Aukate wimbo, uanze pale ngoma zinapoingia, Mlezi ataupitisha. Watu watacheza, baba yake atasikika, hakuna atakayeumia. Kile kipande cha mwanzo nani anakihitaji?

"Bila cha mwanzo, zile ngoma hazimjibu mtu, Bosi."

"Zitakuwa zinachezeka. Inatosha." Akairudisha kanda kwenye kiganja cha Kadia, akamfumba vidole juu yake. "Nakuamini. Kata vizuri."

*

Ijumaa jioni jua likiwa bado juu ya Uluguru, Kadia alimkuta mama yake kwenye kizingiti cha mlango wa uani, akifumua pindo la gauni la kwaya. Mama Apolonia alikuwa na moyo uliochoka na ulimi usiochoka. Kadia aliketi chini, akamweleza yote: kanda, Mlezi, Banzi, ile orodha. Hakuficha namba.

Mama aliendelea kufumua.

"Kwa hiyo mimi ni namba."

"Tatu, tatu, moja, sita."

"Nilidhani angalau nitakuwa kwenye kumi bora."

Kadia alicheka bila kutaka. Mama hakucheka. Alivuta uzi mrefu, akauzungusha kidoleni, akauweka gotini, halafu akauliza kama mle kwenye kanda ngoma zinaingia baada ya pumzi au pamoja nayo. Kadia akasema baada. Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa uzito wa kitu alichokuwa amekikadiria kwa mkono.

Ndipo akasimulia jambo ambalo Kadia hakuwahi kulisikia. Gari la bendi lilipinduka njiani alfajiri, na hakuna aliyekuja kumwambia. Kila mtu alidhani mwingine ameshakwenda. Mchana alikuwa jikoni akisonga ugali, Kadia amelala kitandani, redio ipo dirishani.

"Ikaanza saksafoni ya baba yako. Nikasema, ee, leo wamemkumbuka. Nikaongeza sauti. Nikaanza kucheza na mwiko mkononi, polepole, maana mwanzo wake haukimbizwi, unausubiri." Alilinyoosha pindo gotini. "Nikawa nasubiri ngoma ziingie. Ngoma hazikuingia. Aliingia Fidelis Banzi, akasoma jina la mume wangu."

Kadia alisogea karibu na kizingiti.

Mama alieleza kwamba Banzi hakuwa na ubaya. Alikuwa rafiki wa marehemu, na aliuchagua wimbo ule kwa heshima, ili mtu azikwe na sauti yake mwenyewe. Ila kwa sababu tangazo lilikuwa la dakika moja, aliupunguza sauti ilipofika zamu ya jina. Wiki iliyofuata familia nyingine ilifiwa, wakauliza kwa nini mpiga saksafoni awekewe muziki na baba yao asiwekewe. Wakawekewa. Waliofuata nao wakataka, na baada ya hapo kumnyima mtu ikawa kama kumtukana marehemu wake. Hivyo ndivyo heshima ya mtu mmoja ilivyogeuka kuwa kengele ya msiba ya mji mzima, na wala hakuna siku mtu alikaa akaamua iwe hivyo.

"Basi siupigi," alisema Kadia. "Nitaukata, kama alivyosema."

"Nimesema hivyo mimi?" Mama aliweka gauni chini. "Bi Sikudhani alizikwa Jumanne ya wiki iliyopita. Unajua nimejuaje? Nimeambiwa kanisani, siku ya tano. Miaka thelathini tulikuwa tunagawana chumvi, kabla hajahama. Tangazo lake lilipopita mimi nilikuwa hapahapa napiga pasi, na huyo Mlezi wako ananipigia kinanda. Kinanda kizuri tu."

Upepo ulipita na kuchukua ule uzi gotini. Mama hakuutazama.

Kadia aliuliza, kwa sauti ya chini, kama basi anakubali. Na hapo mama yake alimkazia macho kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Usiniulize mimi kwa niaba ya watu mia mbili. Mimi nitajijibia. Wale wengine wana midomo, waulize wenyewe, uwape muda wa kukujibu. Ukiwafanyia kwa kuwashtukiza utakuwa umewatendea kama alivyonitendea Fidelis."

"Na wewe utajibu nini, mama?"

"Utalijua hilo kesho. Injika maji yachemke."

*

Kuna njia moja tu ya kumnyamazisha Mlezi. Bwawa la Mindu likifurika, tangazo la kuhama linapaswa kufika kwa kila mtu kama lilivyo, maneno yaleyale, sauti ileile, na kwa hiyo kwenye ukuta wa studio kuna kisanduku chenye matundu mawili ya funguo. Ufunguo mmoja anao mtangazaji wa zamu, wa pili fundi wa zamu. Zikigeuzwa pamoja, visikio vyote vinasikia kitu kimoja, na masafa yanafunguka hata kwa redio za zamani. Kuzigeuza bila mafuriko ni kufukuzwa kazi siku hiyohiyo. Kadia aliusaini mwenyewe waraka huo.

Jumamosi saa kumi kamili alifungua kipindi na piano ya Cape Town. Kilitiririka kuliko alivyotarajia. Kwenye kioo kikubwa mistari elfu tisa ya mapigo ya moyo ilikuwa ikicheza kila mmoja kivyake, kama kawaida, mvua nyembamba isiyogusana. Filimbi ikapita, ganuni ikapita. Saa kumi na moja na robo, kabla ya ngoma za Matombo, alifungua kipaza sauti.

Aliwaambia yeye ni mtoto wa Kobero Mkude, aliyepiga ile saksafoni wanayoijua. Aliwaambia haikuwa ya msiba, ilikuwa na ngoma ndani yake, na saa kumi na mbili kasoro dakika tano ataupiga wimbo mzima, bila Mlezi, kwa wote. "Sekunde arobaini za kwanza zitakuwa nzito," alisema. "Kwa wengine zitakuwa nzito mno. Asiyetaka atoe kisikio, ana haki, na mimi sitamhesabia uoga. Anayetaka lakini anaogopa, asikae peke yake. Mwite mtu. Kama una redio juu ya kabati, ishushe. Mna dakika arobaini za kuamua, na uamuzi ni wenu." Akaurudisha muziki. Alijua Mlezi angewapitishia maneno hayo wengi wao yakiwa yamelainishwa, kwa hiyo aliyarudia saa kumi na moja na nusu, mafupi na makavu, yasiyo na mahali pa kulainisha.

Simu ya kituo haikunyamaza. Mmoja alimwita mtoto asiye na adabu. Mmoja, mwanamke, aliuliza redio za betri zinaingizwa betri upande gani.

Banzi alifika saa kumi na moja na dakika arobaini, jasho limemlowesha shati jipya. Alikuwa kwenye kikao cha harusi, na beji ya mweka hazina ilikuwa bado kifuani. Alifunga mlango nyuma yake.

"Ulisema utakata."

"Nilikaa kimya, Bosi. Nilijua utadhani nimekubali, na ninaona aibu kwa hilo."

"Mia mbili na kumi na wanne."

"Nimewaambia. Hakuna aliyewahi kuwaambia chochote." Alisimama kutoka kwenye kiti. Alikuwa mfupi kuliko Banzi kwa kichwa kizima. "Juzi uliniuliza nani amekufa kwa kukosa wimbo. Sina. Ila ninaye mtu aliyekosa kumzika rafiki yake, kwa sababu wakati anatangazwa alikuwa anapigiwa kinanda. Tunawatunza watu wasife, na hatuwaambii nani amekufa. Hilo nalo tulihesabu?"

Banzi alinyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

Kadia hakumpa. Akasema neno ambalo usiku kucha alikuwa ameamua hatalitumia kama silaha, na hata sasa alilisema polepole, bila ukali.

"Mama alikuwa anacheza. Siku ile. Aliposikia saksafoni alidhani mmewakumbuka Mindu Jazz. Alikuwa na mwiko mkononi, anasubiri ngoma."

Mkono wa Banzi ulibaki hewani.

"Sikujua," alisema. "Nilidhani wamekwenda kumwambia."

"Kila mtu alidhani."

Saa kumi na mbili kasoro dakika sita Shemdoe alisimama mbele ya kisanduku na ufunguo wake. Alikuwa na mke, watoto wanne na mama mkwe aliyehamia. Alimtazama mkuu wa kituo, akamtazama Kadia, akavuta pua.

"Mimi nikiulizwa nitasema nilipiga chafya, mkono ukajizungusha," alisema. "Haya, dada. Moja, mbili."

Wakageuza.

Mistari elfu tisa ilitetemeka mara moja pale Mlezi aliponyamazishwa. Saksafoni ikaanza. Na Kadia akaona kitu ambacho hakuwa amekiona tangu aanze kazi. Mistari ilianza kusogeleana. Ilikuwa ikishuka na kupanda pamoja, mji mzima ukiogopa kwa wakati mmoja. Mingine ilizimika na kuwa ya kijivu. Hao walikuwa wameamua, wametoa visikio. Kumi, hamsini, mia. Mingine ilipanda ikavuka alama nyekundu, na kila uliovuka Mlezi alituma ujumbe kwa zahanati ya karibu, maana kazi hiyo hakuna ufunguo uliomnyang'anya. Kadia alichukua kalamu akaziandika namba hizo nyuma ya karatasi ya kumi na moja, moja moja. Aliapa kimoyomoyo kwamba atauliza ni kina nani na atakwenda kwao kwa miguu yake, na watakachomwambia atakisikiliza chote.

Sekunde ya ishirini na tano, tatu tatu moja sita ikawa ya kijivu.

Aliitazama. Alijiambia amekitoa mwenyewe. Alijiambia hivyo mara ya pili, na kalamu ikamwanguka.

Sekunde ya thelathini na nane, kidole cha Banzi kilikuwa juu ya kitufe cha kushusha sauti. Hakuwa amekiweka kwa makusudi. Kilikuwa kimekwenda chenyewe, kama mkono wa Shemdoe ulivyokwenda kwenye kofia, kwa mazoea ya mtu aliyefanya jambo moja maelfu ya mara. Kadia alikiona, Shemdoe alikiona, na Banzi naye akakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. Arobaini. Hakukishusha. Akakiondoa, akakifunga ndani ya ngumi, ngumi akaitia mfukoni.

Saksafoni ilivuta pumzi.

Ngoma zikaingia, na hazikuingia studio peke yake. Dirisha lilikuwa wazi juu ya soko, na kutoka huko chini, kwenye vibanda, kwenye ngazi za maduka, kwenye madirisha ya ghorofa za Boma, redio zilizoshushwa kutoka makabatini zilikuwa zikipiga wimbo huohuo, nyingine zikikwaruza, nyingine zikiwa nyuma kwa kitambo kidogo, hata kila pigo likafika mara tatu. Miaka kumi na moja mji ule ulikuwa haujasikia kitu kimoja. Mwanzo watu walisimama tu, wakitazamana, kila mmoja akihakikisha kwa mwenzake kama anasikia anachokisikia yeye. Halafu muuza nyanya mmoja aliweka kopo lake chini na kuanza kuzungusha mabega, na wengine wakamcheka, na baada ya kumcheka wakamfuata.

Simu ilikuwa inaita. Shemdoe aliipokea, akasikiliza, akampa Kadia bila kusema.

"Umechelewa kuifungulia besi," ilisema sauti ya Mama Apolonia, ikihema, na nyuma yake palikuwa na ngoma na kelele za majirani na kitu kilichokuwa kikigongwa kwenye sufuria. "Nimekitoa hicho kidude, kinawasha sikio. Huyo Fidelis yupo hapo?"

"Yupo, mama."

"Saa kumi na mbili mnapiga ile milio yenu ya saa. Mwambie asiguse. Wimbo una mwisho."

Banzi alikuwa amesikia. Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki sekunde nane. Milio sita ya saa kumi na mbili haikuwahi kukosekana Redio Lukwangule, si wakati wa joto wala wakati wa mafuriko. Mbele ya mkuu wa kituo palikuwa na swichi yake. Alivua ile beji ya mweka hazina, akaiweka juu ya swichi kama mtu anayefunika chakula, akarudi nyuma hatua mbili na kuegemea ukuta.

"Jumatatu utaleta ufunguo ofisini kwangu," alisema bila kumtazama. "Na wako, Shemdoe. Na wa ofisi yangu nitaupeleka mimi mwenyewe kwa wanaohusika."

"Sawa, Bosi," alisema Kadia.

Saa kumi na mbili ilipita kimya kimya, bila kutangazwa na mtu. Magitaa yalitoka moja baada ya jingine, besi likafuata, ngoma zikanyamaza, na saksafoni ikarudi peke yake na sauti ileile ya mwanzo. Chini sokoni watu waliacha kucheza. Hakuna aliyevua kofia. Walisimama wakiisikiliza mpaka pumzi ya mwisho, na baada ya pumzi hiyo ile redio iliyokuwa nyuma kuliko zote, mahali fulani upande wa stendi, ikaimaliza tena.

Kadia aliokota kalamu. Alichukua karatasi ya kumi na mbili, akaandika mbele ya neno *Unatoka*, pale palipokuwa wazi: *haujakatwa.* Kisha akauchomoa ufunguo ukutani, akauweka juu ya karatasi.